Bakodi kwenye kitambulisho: uchague ipi, na ndani yake uweke nini

Shule ya Mbagala, SACCOS ya Ilala, kiwanda cha Barabara ya Nyerere, kwaya ya Kimara. Wote wakienda Kariakoo kuchapisha vitambulisho, oda huishia kwa maneno yaleyale: "Halafu tuwekee na bakodi." Fundi haulizi bakodi gani. Mteja naye hasemi itasomwa na mashine gani, ndani yake kuna nini, wala ikishasomwa nini kitatokea. Kadi zinatoka zinang'aa, zina picha, zina nembo, zina mistari. Miezi inapita, mlinzi getini bado anaangalia sura kwa macho na kuandika jina kwenye daftari, na ile mistari imebaki pambo.

Bakodi, au msimbo pau kwa jina lake la vitabuni, ni namba au maandishi yaliyochorwa kwa namna ambayo mashine inayasoma haraka bila kukosea. Hakuna zaidi ya hapo. Haina jina lako isipokuwa mtu ameliandika humo, na haijui kama umeachishwa kazi jana. Ni sawasawa na namba ya gari: ile T na tarakimu tatu na herufi tatu hazikwambii mwenye gari ni nani, anayejua ni daftari la usajili, na bati lenye namba hiyohiyo fundi yeyote wa mtaani anaweza kulikata. Karibu makosa yote ya bakodi kwenye vitambulisho yanatokana na kusahau moja kati ya hayo mawili: kwamba maana iko kwenye daftari, na kwamba kunakili ni rahisi.

Inasaidia pia kukumbuka kwamba teknolojia hii haikuzaliwa kwa ajili ya watu. Wamarekani Norman Joseph Woodland na Bernard Silver walipata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1952, wakitafuta njia ya kuharakisha malipo madukani. Bidhaa ya kwanza kuskaniwa kwa msimbo wa bidhaa tunaoujua leo ilikuwa pakiti ya bazoka za Wrigley's, tarehe 26 Juni 1974, kwenye supamaketi moja ya mji wa Troy, Ohio. Mwaka huohuo ikatoka Code 39, aina ya bakodi iliyoweza kubeba herufi pamoja na tarakimu. Code 128 ilikuja 1981, PDF417 mwaka 1991, na QR, ile ya mraba, ikatolewa na kampuni ya Kijapani ya Denso Wave mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari viwandani. Dukani na ghalani, ndoo elfu kumi za rangi aina moja hubeba namba moja, na hakuna anayeghushi mistari ya ndoo ili aingie mahali. Kwenye vitambulisho kila mtu ana namba yake, na wapo wanaotaka kuingia.

Ndiyo maana aina moja tuiondoe mezani mapema: ile ya bidhaa, EAN-13, yenye tarakimu kumi na tatu chini yake. Namba hizo hugawiwa na mashirika ya GS1 duniani kote, na zinazotolewa hapa Tanzania huanza na 620. Ukijitungia yako na kuibandika kwenye kadi ya mwanafunzi, huenda mahali fulani duniani namba hiyo ni ya sabuni. Haiwezi kubeba herufi, na urefu wake haubadiliki. Iache dukani.

Hesabu ya milimita

Zinazobaki ni chache, na anayezichuja kwanza si mtaalamu wa kompyuta, ni rula. Kadi ya kawaida ya plastiki, saizi ileile ya kadi ya benki, ina upana wa milimita 85.6 na kimo kinachokaribia milimita 54. Printa nyingi za kadi huchapa nukta 300 kwa kila inchi, yaani nukta moja ni kama milimita 0.085. Mstari mwembamba kabisa wa bakodi ukiupa nukta tatu, unapata robo milimita, kipimo ambacho skana ya kawaida inakisoma bila taabu. Ukiupa nukta moja unajitafutia balaa.

Sasa chukua namba yenye tarakimu 20, urefu wa Namba ya Utambulisho wa Taifa inayotolewa na NIDA. Kwenye Code 39 kila tarakimu ina mistari mitano na nafasi nne, tatu kati ya hizo zikiwa nene. Kama unene ni mara tatu ya wembamba, tarakimu moja pamoja na mwanya wake hula nafasi ya mistari myembamba 16. Ongeza nyota mbili za kufungulia na kufungia, zidisha, na unafika mistari 351, yaani milimita 89. Kadi imeisha na bakodi bado inaendelea! Fundi akiona hivyo ataibana ili itoshee, na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Code 128 inazifunga tarakimu mbilimbili. Namba ileile inachukua mistari 145, milimita 37 hivi, na ukiongeza nafasi nyeupe inayotakiwa kila upande unafika 42. Ni nusu ya kadi tu. Juu ya hayo ina alama ya ukaguzi ndani yake: mashine ikisoma vibaya, hesabu inakataa na skana inanyamaza badala ya kukupa namba ya mtu mwingine. Code 39 haikulazimishi kuwa na ukaguzi huo.

Lakini namba ya mwanachama yenye tarakimu sita huitosha Code 39 bila shida, milimita 37 pamoja na nafasi zake nyeupe, na ina urahisi mmoja unaoifanya ipendwe na mafundi: unaweka fonti yake kwenye kompyuta, unaandika nyota, namba, nyota, na bakodi imekamilika. Code 128 haiendi hivyo. Ile alama ya ukaguzi lazima programu iikokotoe. Ukiandika namba kwa fonti peke yake unapata mistari inayofanana kabisa na bakodi ya kweli ambayo hakuna skana itakayoisoma. Kadi za namna hiyo zipo shingoni mwa watu wengi mjini kuliko tunavyodhani, kwa sababu hakuna aliyewahi kujaribu kuzisoma.

QR ni mambo mengine. Tarakimu 20 zinaingia kwenye ile ndogo kuliko zote, yenye vijiraba 21 kwa 21, na bado kinabaki kiwango cha kujirekebisha kinachovumilia takriban robo ya alama zake kuharibika. Kila kijiraba ukikipa nukta tano, mraba mzima ni milimita 9, na pamoja na ukingo mweupe unafika milimita 12. Inakaa kwenye kona ya kadi. Inasomwa na simu janja yoyote, kwa upande wowote, kichwa chini miguu juu. Ila skana za leza, zile zinazopiga mstari mmoja mwekundu, haziwezi kuisoma kabisa. Inataka skana ya kamera. Kwa hiyo maktaba ya chuo yenye skana za leza mezani haina sababu ya kukimbilia QR, na geti ambalo mlinzi wake atatumia simu halina sababu ya kung'ang'ania mistari.

PDF417, ile inayofanana na ukuta wa vijitofali uliolala, imekaa nyuma ya leseni za udereva za Marekani. Inabeba maandishi mengi: jina, anwani, tarehe, vyote humohumo. Kwa SACCOS au shule ya hapa kwetu sioni kazi yake.

Rangi, na ubishi wa Simba na Yanga

Kila ofisi ina mtu anayetaka bakodi ipambwe kwa rangi za nembo. Kabla ya kumkubalia, jua skana inaonaje. Ile ya kawaida humulika mwanga mwekundu na kupima unaorudi. Karatasi nyeupe inaurudisha mwanga huo. Wino mweusi unaumeza. Wino mwekundu je? Nao unaurudisha, kwa sababu ndiyo maana tunauona mwekundu. Basi tawi la mashabiki wa Simba likichapisha kadi zenye mistari myekundu juu ya nyeupe, skana ya leza itaona uwanja mweupe mtupu. Tawi la Yanga wakiweka mistari ya kijani juu ya njano, kadi zao zitasoma vizuri: njano inarudisha mwanga mwekundu kama nyeupe, kijani inaumeza kama nyeusi. Sikutunga mimi, ni fizikia. Wana Msimbazi mnaweza kutumia nyeusi juu ya nyeupe, hakuna atakayewacheka.

Nyeusi yenyewe ina utata ambao macho hayauoni. Printa za kadi hutumia ribani yenye vipande vya njano, pinki iliyokolea na samawati, kisha kipande cha nyeusi ya resini, na mwisho kifuniko angavu cha kulinda. Printa inaweza kukupa weusi kwa njia mbili: kuchanganya zile rangi tatu, au kutumia resini. Ukiangalia kwa jicho zinafanana. Ila rangi zile tatu hupenya ndani ya plastiki na kutawanyika kidogo, kwa hiyo kingo za mistari zinakuwa na ukungu. Resini inakaa juu na kukata wembe. Na skana za kupitisha kadi kwenye mfereji, ambazo baadhi hutumia mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, hazioni kabisa weusi wa mchanganyiko. Mteja analalamika skana mbovu, fundi anaapa kadi ni nzima, na wote wawili wanasema kweli. Neno la kumwambia fundi ni moja: bakodi ipigwe kwa resini nyeusi. Anayeijua kazi yake ataelewa hapohapo.

Kuna mengine madogo yanayoua kadi nyingi. Dizaini inatumwa kwa fundi kama picha ya WhatsApp, WhatsApp inaibana, na mistari inapoteza kingo. Dizaina anaivuta bakodi kwa panya ili ijaze nafasi, na mistari iliyotakiwa kuwa nukta tatu inakuwa mbili na nusu. Printa haina nusu nukta, kwa hiyo mingine inakuwa ya nukta mbili, mingine ya tatu, na uwiano ambao ndio lugha yenyewe umevurugika. Mwingine anasogeza jina la shule hadi linagusa mstari wa kwanza. Skana inahitaji weupe kabla ya kuanza, na kwa Code 128 weupe huo ni mara kumi ya mstari mwembamba kila upande. Na wapo wanaokata kimo cha bakodi hadi milimita tatu ili ipendeze. Kimo si urembo. Mistari mirefu inampa msomaji njia nyingi za kupita: mkwaruzo ukiharibu juu, chini bado pazima. Kadi inayosuguliwa na funguo mfukoni, yenye jasho la Dar la mwezi wa pili na mlango wa daladala, itakwaruzika tu.

Excel inavyokula namba

Hili nalipa nafasi yake kwa sababu linatokea kila mahali na halihusiani na printa hata kidogo. Orodha ya wafanyakazi huandaliwa kwenye Excel. Excel inahifadhi tarakimu 15 tu za namba. Kuanzia ya 16 inaweka sifuri. Karani akiandika namba ya NIDA yenye tarakimu 20 bila vistari vyake kwenye seli ya kawaida, kwanza inageuka kuwa kitu kama 1.98907E+19. Anahangaika, anabadili muonekano, namba inarudi ndefu, anashukuru Mungu. Hajaona kwamba tano za mwisho zote zimekuwa 00000. Kadi zinachapwa, bakodi inasomeka vizuri kabisa, na inachosoma si namba ya mtu yeyote.

Upande wa pili wa ugonjwa huo ni sifuri za mwanzo. Mwanachama 004512 anageuka 4512, na namba ya simu inayoanza na 07 inaanza na 7. Dawa yake ni kuifanya seli kuwa ya maandishi kabla ya kuandika chochote, si baada, au kuanzisha namba zako na tarakimu isiyo sifuri, kwa mfano kuanzia 100001. Napendelea hiyo ya pili, maana haimtegemei karani kukumbuka.

Usiweke namba ya NIDA

Hata kama Excel imetii, namba ya NIDA haina haki ya kukaa kwenye kadi ya kazini. Tarakimu nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka, mwezi na siku, wazi kwa anayejua kusoma. Namba hiyohiyo ndiyo iliyosajili laini yako ya simu na kufungua akaunti yako ya benki. Mfanyakazi akipiga picha siku ya sherehe ya ofisi akiwa amevaa kadi, akaitupia Instagram, aliye upande wa pili wa nchi anaikuza, anaielekeza simu, na ameipata yote. Hakuhitaji kuwa mdukuzi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azikusanye kwa lengo linalojulikana na asizidishe kuliko lengo linavyohitaji. Kumfungulia mtu geti hakuhitaji tarehe yake ya kuzaliwa. Namba ya simu nayo iache, kundi la damu liache, namba ya bima iache. Kinachotakiwa kwenye bakodi ni namba isiyo na maana yoyote nje ya ofisi yako, ambayo kompyuta yako pekee ndiyo inajua ni ya nani.

Watu hunijia na hoja: "Lakini QR inabeba tarakimu zaidi ya elfu saba, kwa nini tusiweke taarifa zote?" Ni kweli, ile kubwa kabisa inabeba tarakimu 7,089. Ina vijiraba 177 kwa kila upande, na ukiibana kwenye kona ya kadi, chembe moja ya vumbi inafunika vijiraba kadhaa. Halafu taarifa zilizochapwa hazibadiliki. Mtu akipanda cheo, akihama tawi, akifukuzwa, kadi inaendelea kusema ya mwaka jana. Daftari la kompyuta unalirekebisha kwa dakika moja.

Na hiyo namba yenyewe, iwe ya kadi na si ya mtu. Hapa wengi hawakubaliani nami mpaka kadi ya kwanza ipotee. Kama bakodi ina namba ya mfanyakazi 100237, na kadi ikaokotwa Manzese, unafanyaje? Ukiifungia namba hiyo, umemfungia mfanyakazi wako pia, maana kadi mpya itakuwa na namba ileile. Ukiiacha, mwokotaji anaingia. Ipe kila kadi namba yake, na kwenye kompyuta uiunganishe na mtu. Ikipotea unaizima hiyo kadi, unatoa nyingine yenye namba nyingine, na mtu anabaki yuleyule na mafaili yake yaleyale.

Getini

Kwa nini basi kuwa na bakodi kabisa, ikiwa kila mtu anaweza kuinakili? Kwa sababu inaharakisha na kupunguza makosa ya kuandika, na hilo si jambo dogo saa moja na nusu asubuhi foleni ikiwa imefika barabarani. Ila isibebeshwe kazi ya kuthibitisha mtu. Fotokopi ya kadi inasoma. Picha ya kadi kwenye simu inasoma kwa skana ya kamera. Programu za bure zinachora bakodi yoyote unayoitaka kwa sekunde mbili. Skana ikilia "piii" imekwambia jambo moja tu: nimesoma namba. Haijakwambia aliyeishika ni nani.

Angalia malipo ya Lipa Namba dukani. Unaskani QR iliyobandikwa ukutani, na kabla ya kuweka namba ya siri simu inakuonyesha jina la unayemlipa. Tapeli akibandika stika yake juu ya ile ya duka, QR itasoma vizuri tu. Kitakachokuokoa ni lile jina, kama utalisoma. Getini pia ni vivyo hivyo. Mlinzi akishaskani, kioo kimletee picha kubwa ya mwenye kadi, jina, na neno moja: RUHUSA au HAPANA. Picha itoke kwenye kompyuta, si kwenye kadi, kwa sababu ya kwenye kadi ndiyo rahisi kubadilishwa. Mlinzi alinganishe kioo na uso ulio mbele yake. Mfumo unaolia tu na kuwasha taa ya kijani umemfundisha mlinzi kuangalia taa.

Mtandao utakatika, na umeme pia, hilo halihitaji utafiti. Dawa rahisi ni kifaa cha getini kuwa na nakala ya orodha ndani yake, inayojisasisha mtandao ukiwepo. Dawa nzito zaidi ni sahihi ya kidijitali: taarifa chache zinawekwa kwenye QR pamoja na alama ya kihesabu ambayo mwenye ufunguo wa siri pekee anaweza kuitengeneza, na kifaa chochote kinaweza kuihakiki bila mtandao. Vyeti vya chanjo ya korona vya Umoja wa Ulaya vilifanya hivyo mwaka 2021, na QR salama ya Aadhaar, mfumo wa utambulisho wa India, inabeba hadi picha ndogo ya mwenye kitambulisho. Ukibadilisha herufi moja, uhakiki unakataa. Lakini nisikudanganye: sahihi inazuia kubadilisha, haizuii kunakili. Fotokopi ya QR yenye sahihi halali ni QR yenye sahihi halali. Ndiyo maana Wahindi waliweka picha humo ndani.

Palipo na pesa au chumba chenye dawa, achana na bakodi. Tumia kadi ya kugusisha yenye chipu, kama zile N-Card za kwenye kivuko cha Kigamboni na Uwanja wa Benjamin Mkapa. Chipu nzuri inajibu swali tofauti kila inapoulizwa, kwa hiyo kuipiga picha hakusaidii kitu. Nasema nzuri kwa sababu si zote: MIFARE Classic, iliyokuwa imeenea duniani, ilivunjwa na watafiti wa Uholanzi mwaka 2008 na bado inauzwa kwa bei ya chee. Muulize muuzaji jina la chipu kabla ya kumlipa.

Kabla ya kuchapa zote

Kwa ofisi ya kawaida ya mjini, yenye watu mia au mia tano, jibu langu ni hili: namba ya kadi yenye tarakimu sita au nane, Code 128 kama una skana za leza tayari, QR ndogo kama mlinzi atatumia simu, na zote mbili upande wa nyuma kama hujui mwakani utanunua nini. Zinatoshea. Chini yake namba iandikwe kwa tarakimu zinazosomeka kwa macho, maana ipo siku skana itagoma na mlinzi ataiandika kwa mkono.

Kisha agiza sampuli. Usizikubali kwenye kioo cha kompyuta ya fundi, ziwe kadi halisi, kutoka kwenye printa ileile itakayochapa zote. Chomeka skana ya USB kwenye kompyuta, fungua ukurasa mtupu, soma kadi. Skana nyingi zinajifanya kibodi: namba itajiandika yenyewe na mstari utashuka. Ilinganishe tarakimu kwa tarakimu na orodha, hasa mwanzo na mwisho. Kama una herufi kwenye namba zako, hakikisha Caps Lock haijawashwa, maana skana nyingine huzigeuza kubwa zikawa ndogo. Kadi ikikataa kusoma, iinamishe kidogo kabla ya kulaumu. Kifuniko kinachong'aa hurudisha mwanga moja kwa moja machoni mwa skana na kuipofusha. Isuguesugue kwa sarafu, isome tena. Ipeleke getini kwenyewe, jua la saa nane likipiga, maana skana iliyosoma vizuri kivulini inaweza kugoma pale. Mwishowe piga fotokopi ya sampuli moja, mpe kijana asiyejulikana ofisini, uone mlinzi atafanya nini.

Baada ya hapo ndipo faili lote liende kwa fundi, likiwa na jina, namba ya kadi na jina la faili la picha. Safu nyingine zote zilizokuwa kwenye Excel ya ofisi, tarehe za kuzaliwa, namba za NIDA, mishahara, zifute kwanza. Kompyuta ya dukani Kariakoo hutumiwa na watu wengi, na fundi hahitaji kujua mhasibu wenu analipwa kiasi gani ili amchapie kadi.